Daftari la Machame

Alhamisi, 10 Julai 2025

Mhariri kanijibu: "Usajili umejaa. Para mbili." Ni Julai. Simba na Yanga zinasaka wachezaji, kila kukicha kuna mshambuliaji katua uwanja wa ndege na skafu shingoni. Nani atampisha kijana wa kidato cha tatu mwenye gongo? Sikubisha. Para mbili nitatuma, mengine nayaweka humu.

Mashindano ya besiboli ya Machame yana timu nne: sekondari mbili za huku milimani, vijana wa Arusha, na kombaini ya wanavyuo wa Moshi mjini. Hao wa kombaini ni mchanganyiko, wa Ushirika, wa KCMC, wengine wa vyuo vya kati. Walicheza besiboli sekondari, ama Dar ama Sanya Juu, wakakutana mjini kila mmoja na glovu yake iliyochakaa. Kombe hakuna. Bingwa anachukua mipira yote itakayobaki begini. Usicheke. Mpira wa besiboli huukuti kwenye duka lolote la Double Road, kwa hiyo mwenye mipira ndiye mwenye mazoezi ya mwaka mzima.

Jirani ananiuliza mchezo wa Wamarekani umefikaje huku. Haukuletwa na Wamarekani, namwambia, umeletwa na Wajapani. Shinya Tomonari, aliyekuwa ameshaupanda Ghana, alikuja Dar es Salaam 2012 kikazi na JICA, akaanza kuwafundisha wanafunzi wa Azania na Kibasila. Desemba 2018 pale Azania ukafunguliwa uwanja wa kwanza wa besiboli nchini, kwa msaada wa Japani. Jina wakaazima Koshien, uwanja uliojengwa 1924 ambako sekondari za Japani hupambana kila Agosti. Mchezo ukaja na adabu zake: nidhamu, heshima na haki, maneno matatu ambayo Tomonari aliyaweka mbele ya gongo. Ndiyo maana vijana hawa wakifika ukingoni mwa uwanja huvua kofia na kuinama. Mtoto wa Kichagga anaziinamia nyasi! Bibi yake akimwona atadhani kadondosha shilingi.

Ijumaa, 11 Julai

Mazoezi ya kombaini jioni, kwenye kiwanja cha soka ambacho wenyewe wanakitaka ifikapo saa kumi na mbili. Mlima umejifunika tangu juzi. Baridi ya Julai inafanya kila mpira uume kiganjani hata kupitia ngozi ya glovu.

Mrushaji wao bora hutumia mkono wa kushoto. Mtu wa namna hiyo huvaa glovu mkono wa kulia, na begi zima lina glovu moja tu ya kulia, yenye tundu chini ya kidole cha shahada. Kaishona kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mkono haujambo?"

"Mkono haujambo. Glovu ndiyo mgonjwa."

Kutoka anaposimama mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Wanazipima kwa hatua za kijana mmoja, kila siku huyo huyo, kwa sababu ndiye ambaye hatua zake zililinganishwa na futikamba. Siku akiumwa malaria, nimeambiwa, mazoezi yanakuwa ya kukimbia tu.

Mimi mchezo huu niliuelewa kwa kupitia rede. Wasichana tuliicheza mapumziko: wawili wanarusha, mmoja yuko kati, anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mrushaji wa rede aliyefuzu hatazami miguu yako, anatazama bega, maana bega ndilo linalotangulia kusema unakwenda wapi. Yule wa kushoto anatazama bega. Nilimwona anamshika mwenzake akichungulia besi ya pili, mara mbili mfululizo, na mwenzake asijue alichofichua.

Hata hivyo moyo wangu hauko kwao. Uko kwa vijana wa sekondari ya huko juu, kwetu. Mwandishi anayedai hana upande mechi ikichezwa kwao anadanganya, na asiye na upande kabisa sijui huwa anaandika nini. Timu yao nzima imesimama juu ya mwalimu mmoja wa jiografia, aliyeuonea mchezo huu Sanya Juu. Akipata uhamisho, magongo yatakwenda stoo pamoja na mikuki ya riadha. Nimeshaona netiboli ikifa hivyo, na ngoma, na hata klabu ya nyuki. Barua ya uhamisho haiulizi nani atashika filimbi.

Jumamosi, 12 Julai

Alfajiri kifodi kutoka stendi, tukavuka Weruweru, tukaingia njia panda ya Machame. Kadiri tunavyopanda migomba inazidi kusogea barabarani. Kahawa imeanza kuwa nyekundu.

Kiwanja kiko ubavuni mwa kanisa, kimeinama kuelekea kulia, na chini ya mteremko unapita mfongo, maji yakikimbia kwenda mashambani. Kwa hiyo kabla ya mchezo waamuzi na walimu walikaa nusu saa nzima wakitunga sheria. Mpira ukiingia kwenye migomba ya kushoto, besi mbili. Ukidumbukia kwenye mfongo, besi mbili, hata kama ulitua ng'ambo kwanza. Ukimgonga ng'ombe, urudiwe. Napenda kipengele hiki cha besiboli kuliko vyote. Soka ina uwanja mmoja duniani kote. Hapa kila uwanja unakuja na katiba yake.

Wazee walikuja mapema na viti vyao. Meku mmoja aliniuliza mbona wanasimama tu. Nikamwambia wanamsubiri mrushaji. Na mrushaji anasubiri nini? Anamsubiri mdakaji ampe ishara. Na mdakaji? Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema kumbe ni kama kikao cha ukoo, kila mtu anangoja mwenzake aanze. Akauliza kama Olimpiki mchezo huo upo. Paris 2024 haukuwepo, nikamwambia, lakini Los Angeles 2028 unarudi. "Basi tuna miaka mitatu ya kuuelewa," akasema.

Kombaini 11, Arusha 4. Sina mengi ya kusema. Yule wa kushoto aliwafunga kamba wote, kisha wakampumzisha kwa ajili ya kesho. Mechi ya pili ilikuwa kali. Sekondari yetu 6, ya jirani 5. Pointi ya mwisho aliifunga mkimbiaji aliyefika homu kwa tumbo, akainuka kifua chote kijani.

Katikati ya mechi hiyo mwamuzi alinifuata. Kumbe hakuna aliyekuja na kitabu cha kumbukumbu za mchezo. Kila mmoja alidhani mwenzake kakibeba.

"Mama, unaandika kila mpigaji?"

"Kila mpigaji, kila mpira."

"Basi daftari lako ndilo rekodi. Usiondoke kesho."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Michezo midogo haina kamera wala ofisi ya takwimu. Kilichofanyika leo hapa kipo kwenye karatasi hizi zenye doa la chai, na kwenye vichwa vya watu ambao kila mmoja anakumbuka alivyopiga vizuri.

Jioni tulikula ndizi nyama kwa mama mmoja jirani na kanisa. Mwalimu wa Arusha aliwasimulia vijana habari za Waganda: 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wale wa Lugazi wakaenda, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, wakawafunga watoto wa Oregon 3–2. Miaka kumi baadaye klabu ya Dodgers ikasajili vijana wawili wa Uganda. Walisikiliza wameshika vijiko hewani. Lakini wakienda kunawa mikono, wanayemwigiza ni Ohtani, na wanachokiigiza ni tukio moja tu: fainali ya dunia ya Machi 2023 kule Miami, Japani 3, Marekani 2, Ohtani akimtoa Mike Trout kwa straiki ya tatu. Mmoja anakuwa Ohtani. Kuwa Trout hakuna anayetaka, wanapigiana kura.

Jumapili, 13 Julai

Fainali ilipangwa saa saba. Ibada ya pili ikarefuka, halafu ukaja mnada wa sadaka za mazao, na spika ya kanisa imeelekezwa uwanjani. Walipoona jua linakwenda wakaanza hivyo hivyo. Awamu mbili za kwanza nimeziandika nikisikia sauti mbili. "Bolu mbili, straiki moja!" "Mkungu elfu saba, nani elfu nane?" "Straiki mbili!" "Elfu nane kwa mzee wa koti, mara ya kwanza, mara ya pili…" Kijana wetu akalikung'uta gongo palepale kwenye mara ya tatu, akafika besi ya kwanza, na mkungu ukauzwa.

Mnada ulipokwisha waumini wakahamia kwetu na mikungu yao. Sijawahi kuona watu wengi hivyo kwenye besiboli mkoa huu.

Awamu saba. Kombaini walitangulia 5–0. Vijana wetu walikuwa wanamtazama yule wa kushoto kama mkaguzi wa elimu. Awamu ya nne kamba ya kiatu ikakatika. Mpira wa kurudishiwa ukapenya tunduni ukambabua kidole, na tangu hapo akawa anarusha huku anaogopa kupokea. Wetu wakaanza kugonga mipira mifupi ya makusudi, imrudie yeye mwenyewe. Ni ukatili, na ni akili. Nilishangilia kimoyomoyo, kalamu ikiandika tu.

Mwisho wa awamu ya saba: kombaini 8, sisi 7, wawili wameshatoka, mkimbiaji wetu yuko besi ya pili. Zamu ilikuwa ya namba saba. Aliyeinuka na gongo alikuwa namba nane.

Niliona. Awamu iliyotangulia mwalimu alimtoa kijana aliyeteguka, na katika kupanga upya wale wawili wakachanganyikiwa nani anamfuata nani. Sheria iko wazi kwamba mtunza kumbukumbu haruhusiwi kumwambia mwamuzi wala timu yoyote kuwa mtu anapiga si kwa zamu yake. Ni juu ya wapinzani kugundua. Kwa hiyo nilinyamaza kama nilivyotakiwa, na nikaomba Mungu wasigundue, kitu ambacho hakuna aliyenitaka nikifanye.

Mtoto akaupiga. Ulikwenda kulia chini chini, ukaruka mara mbili kwenye mteremko, chubwi ndani ya mfongo. Besi mbili. Mkimbiaji akafika homu, 8–8, akina mama wakapiga vigelegele, mikungu ikatupwa chini. Nimeandika pointi ile kwa mwandiko ninaoona aibu kuutazama.

Mdakaji wa kombaini hakufuata mpira. Alivua kinyago, akatembea polepole hadi kwa mwamuzi, akamnong'oneza. Mwamuzi akaniita.

"Mama, zamu ilikuwa ya nani?"

Daftari liko wazi na uwanja mzima kimya isipokuwa ng'ombe. Nikamsomea. Namba sita, auti. Anayefuata, namba saba.

Sheria haina huruma na mantiki yake ni ya ajabu: aliyepiga pigo lake linafutwa, mkimbiaji anarudishwa, na aliyepaswa kupiga, ambaye hakushika gongo kabisa, ndiye anahesabiwa katoka. Wa tatu. Mchezo umekwisha, 8–7.

Ilibidi nimweleze meku. Alinirudisha nyuma mara mbili ahakikishe.

"Yaani huyu kapiga vizuri, halafu katolewa mwenzake?"

"Ndiyo, mzee."

"Huu si mchezo. Hii ni mahakama ya ardhi."

Namba nane alilia waziwazi. Namba saba alikuwa na hali mbaya zaidi. Alisimama na kofia mkononi, hajui ajitetee kwa kosa gani. Baadhi ya watu wa kwetu walinitazama vibaya, na shangazi mmoja wa ukoo aliniuliza kwa Kichagga kama kalamu yangu isingeweza kuishiwa wino. Mwalimu wa jiografia hakubishana. Alikuja akaomba kuliona daftari, akaupiga picha ukurasa kwa simu. "Kesho tutausoma darasani," akasema. Timu zikapanga mistari miwili, zikainamiana. Wazee wawili nao wakainama, kwa mzaha nadhani.

Begi likahesabiwa. Mipira kumi na mmoja. Kombaini wakaondoka nayo.

Jumatano, 16 Julai

Imetoka. Para moja, chini ya picha ya kipa mpya wa klabu fulani, na kichwa cha habari kinasema mpira wa magongo. Matokeo yako sawa, nashukuru kwa hilo.

Yule wa kushoto kapiga simu. Wanavyuo wanakwenda mafunzo kwa vitendo; yeye kapangiwa Mbeya, mdakaji Dodoma. Kombaini haitakutana hadi vyuo vifunguliwe. Mipira kumi na mmoja iko chini ya kitanda cha mtu hosteli. Kidole kimevimba lakini hakikuvunjika. Kaniuliza kama namjua fundi wa viatu anayeweza kushona ngozi ya glovu bila kuikaza; nimemwelekeza kwa mzee wa karibu na soko la Mbuyuni.

Saa moja usiku ujumbe kutoka kwa mwalimu wa jiografia. Watoto waliufuata mfongo siku ya Jumatatu baada ya masomo, shamba kwa shamba, hadi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe kule chini. Wamekuta mipira minne. Imelowa, miwili imeanza kufumuka uzi. Anauliza, kwa mujibu wa daftari, mipira hiyo ni ya nani.

Makubaliano yalisema mipira itakayobaki begini. Nimemjibu kwamba begi lilihesabiwa Jumapili mbele ya timu zote mbili, na hesabu ninayo. Akaniandikia kwamba mazoezi ni Ijumaa saa tisa, na niwaletee sindano nene na uzi wa kushonea magunia.