Mali bila Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili mwenye duka hulifahamu, karani hulifahamu, na mkulima aandikaye hesabu ya magunia yake hulifahamu pia. Lakini si mali peke yake ipoteayo bila habari. Watu nao hupotea.

Huko London, mahali paitwapo Kew, iko nyumba kubwa ambamo Serikali ya Uingereza huhifadhi nyaraka zake. Humo, chini ya alama AIR 27, yamewekwa madaftari ya vikosi vya ndege vya Uingereza vilivyopigana katika Vita Kuu ya Pili, tangu mwaka 1939 mpaka 1945. Kila kikosi kiliamriwa kuandika. Karatasi ya namba 540 ilieleza mambo ya kikosi siku kwa siku. Na karatasi ya namba 541 ilieleza kila safari: ndege gani, majina ya waliopanda, kazi waliyotumwa, saa ya kuruka, saa ya kutua, na yaliyotukia njiani.

Miongoni mwa vikosi hivyo kilikuwako kikosi cha 259, kilichoanzishwa upya Kipevu, Mombasa, mwezi wa Februari 1943, kisha mwezi wa Septemba mwaka ule ule kikahamia Dar es Salaam. Ndege zake ziliitwa Catalina. Zilikuwa na injini mbili na tumbo kama la mashua, nazo ziliruka na kutua juu ya maji. Mwendo wake haukuwa wa kasi, lakini ziliweza kukaa angani hata saa 20 bila kutua. Kazi yake ilikuwa kulinda meli katika Bahari ya Hindi, na kuzisaka manowari za adui zipitazo chini ya maji.

Mtu akiyafungua madaftari ya kazi kama hii kwa kutamani habari za mapigano tu, atachoka upesi. Safari nyingi za kulinda bahari zilikwisha bila adui kuonekana. Watu waliondoka alfajiri, wakazunguka juu ya maji mchana kutwa, wakarudi wamechoka. Na mwandishi akaandika kwamba hakuna kilichoonekana. Je, ilikuwa kazi bure? Hasha. Adui ajuaye kwamba juu yake kuna macho huogopa kuibuka, na meli hufika bandarini salama bila mabaharia wake kujua walichoepushwa. Tena mwandishi aliyekubali kuandika "hakuna" siku ambayo hapakuwa na kitu, ndiye astahiliye kusadikiwa siku aandikapo kwamba kipo.

Siku hiyo ilifika tarehe 20 Agosti 1943. Kusini ya Madagaska, ndege mbili, moja ya kikosi cha 259 na moja ya kikosi cha 265, ziliishambulia manowari ya Kijerumani iliyoitwa U-197, zikaizamisha. Watu wote 67 waliokuwamo walikufa. Sasa Wajerumani nao walikuwa na madaftari yao, ambayo yalitekwa mwaka 1945 katika jumba la Tambach, Ujerumani. Humo ilijulikana kwamba U-197 ilipeleka habari kwa simu ya upepo kuwa imepigwa na haiwezi kuzama chini. Manowari wenzake wakaenda kuitafuta, wasiione. Baada ya hapo ni kimya. Maadui hawa hawakupatana kwa neno lolote, lakini hesabu zao zimepatana. Mahali pengine hazikupatana, na manowari iliyodhaniwa imezama ikajulikana kuwa ilirudi kwao salama.

Mbali na daftari la kikosi, kila rubani alikuwa na daftari lake mwenyewe. Saa za mchana ziliandikwa mbali na saa za usiku, na desturi ilikuwa kuandika safari za usiku kwa wino mwekundu. Baada ya vita, madaftari mengi hayakuchukuliwa na wenyewe wala na jamaa zao. Yaliwekwa kwa miaka, kisha, karibu na mwaka 1960, yaliyosalia yakaharibiwa, isipokuwa machache yaliyochaguliwa kuwa mfano. Mtoto amtafutaye baba yake, kama daftari lake lilikuwa miongoni mwa hayo, hana budi kumtafuta katika mistari ya kikosi.

Hata hivyo mistari hiyo ina mpaka wake. Karatasi ya namba 541 iliwekwa kwa ajili ya waliopanda ndege. Waliovuta mashua ufukoni, waliobeba petroli, waliopika chakula na waliolinda usiku hawakupigiwa mstari humo, ingawa pasipo wao hakuna ndege ambayo ingeruka. Habari zao zilibaki vinywani mwao, na watu wa vita hivyo sasa wamekwisha karibu wote.

Basi karani apigaye mistari katika daftari jipya, na mwenye shamba aandikaye majina ya wavunaji wake, na wafikiri kwanza ni nani waliosahauliwa kuwekewa nafasi. Karatasi ikitunzwa vema hukaa miaka mingi sana, lakini haitoi jina ambalo halikuandikwa.