Niliuziwa modemu ya Marekani, nikaipeleka Matambarale!

Kama wewe ni mtu wa Sinza au Kijitonyama, unawasha simu tu mambo yanajipa, kaa kitako nikumegee kisa changu. Ukitaka kucheka cheka, lakini jifunze humo humo, maana siku yako nayo yaja.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilipigiwa simu kutoka nyumbani, Matambarale, kule Ruangwa mkoani Lindi. Mama kaanguka akiokota korosho, mguu umevunjika. Dada yangu yuko Durban anahangaika na maisha, kwa hiyo wa kwenda ni mimi. Nikafunga virago nikamuuguze msimu mzima.

Kasheshe ikawa kazi. Mie nimeishia kidato cha nne, sina ofisi wala mshahara, ninachokula ni hii hii safu. Mhariri akanipa ruhusa na onyo juu: makala ifike kila Jumanne kabla ya saa sita mchana, nikichelewa mara mbili nafasi anapewa mwingine. Na dawa za mama zinatoka humo humo!

Basi, mtoto wa mjini nikajifanya mjanja. Nikazama Kariakoo kusaka kifaa cha intaneti ya nyumbani. Jamaa mmoja akanitolea kiboksi cheusi, kizito, kina taa tano. “Modemu hiyo kaka, mzigo wa Marekani, haifi.” Hakuniuliza naishi wapi, na mimi sikumuuliza kitu. Nikamkatia elfu sitini, nikaondoka nachekacheka peke yangu.

Alfajiri nikapanda basi Mbagala. Tumevuka Daraja la Mkapa, tumepita Nangurukuru mpaka Nanganga, modemu nimeipakata kama mtoto mchanga. Nyumbani nikaunga kwenye betri ya sola, majirani wamejaa ukumbini kuona maajabu ya Dar. Taa ya kwanza ikawaka, watoto wakashangilia. Ya pili ikaanza kupepesa. Ikapepesa mpaka majirani wakaenda kulala!

Sikukata tamaa. Nyuma ya kiboksi niliona tundu la kuskrubu, linafanana kabisa na la antena ya tivii. Nikachomoa waya wa antena nikaukaza pale. Mama akakosa taarifa ya habari, mimi nikakosa intaneti, wote tukanuna.

Asubuhi akaja mjomba, fundi redio wa miaka mingi. Akavaa miwani, akakigeuza kiboksi chini juu. “Mpwa wangu, hiki kinataka waya. Waya wako unatoka wapi?”

Nilichoka mwenyewe. Kumbe modemu ya aina ile hufanya kazi kwenye nyumba iliyovutiwa waya wa kampuni ya tivii, ule mnene wenye sindano katikati. Waya huo huo unaleta picha na intaneti, na utaratibu wake uliwekwa Marekani mwaka 1997. Kule mteja anaweza kukodi modemu ya kampuni na kulipia kila mwezi, au kununua yake akaokoa kodi. Akinunua, anahakikisha kwanza kampuni inaikubali, anakaza waya, kisha anawasomea namba iliyobandikwa chini ya kiboksi ili waifungulie. Bila kampuni upande wa pili, ile ni taa ya urembo. Na Matambarale waya huo haupo!

Jumanne ikafika. Simu yangu chini ya bati haishiki mtandao, ikabidi nipande kichuguu nyuma ya mikorosho. Makala ikagoma, ikagoma, ikapita usiku. Mhariri akajibu maneno mawili: “Hiyo moja.”

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho inaendeshwa kwa mtandao. Yaani korosho za mama zinauzwa kwa kompyuta na wanunuzi walioko mbali, halafu mimi mwanawe, mwandishi mzima, nashindwa kutuma kurasa mbili!

Malipo ya mnada wa kwanza yalipoingia, mama aliniita kitandani, akafungua pindo la khanga. “Chukua, mwanangu. Lakini kitanda hakinunuliwi kabla ya kupima chumba.” Sikuweza hata kumwangalia usoni. Pesa ile ilikuwa ya mguu wake.

Safari hii nikapima chumba. Nilikopa laini za mitandao mitatu, nikazunguka nazo uani asubuhi, mchana na usiku, naandika kwenye daftari ipi inashika 4G na ipi inadondoka. Mbili zilikuwa za picha tu. Moja ilishika, tena upande wa mashariki peke yake, mnara uliko.

Ndipo nikamwandikia mshikaji wangu wa Dar orodha. Moja, iwe ruta ya kuweka laini ya simu. Mbili, isiwe imefungwa kwa mtandao mmoja. Tatu, isome masafa ya mtandao niliouchagua, hasa yale ya chini kama 800, kwa sababu yanafika mbali kuliko ya 1800 au 2600. Nne, iwe na matundu ya antena ya nje. Tano, itumie volti 12, iendane na betri ya sola. Ikaja kwa basi.

Laini nikaisajili kwa alama za vidole na namba yangu ya NIDA, maana laini ya kuazima siku mwenyewe akiihitaji umeumia. Antena tukaifunga kwenye mlingoti ule ule wa tivii, ruta ndani karibu na ukuta. Mjomba akasisitiza waya uwe mfupi, mrefu unakula nguvu. Nikafungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, nikatafuta namba ya nguvu ya mtandao. Namba hiyo ina alama ya kutoa: hasi 80 ni raha, hasi 115 ni msiba. Chini ya bati nilisoma hasi 113. Mjomba akawa anageuza antena kidogo kidogo juu, mimi napiga kelele chini: “Rudisha! Hapo hapo!” Ikatulia hasi 94.

Jumatatu usiku nikatuma makala. Jibu likaja kabla sijafunika kompyuta: “Imefika.” Baadaye nikampigia dada kwa video. Mama alimtazama mwanawe ambaye hajamwona kwa miaka minne, kisha akasema, “Mbona umekonda?” Wote wawili wakaanza kulia, nikatoka nje nikajidai nakagua mlingoti.

Msomaji wangu, kifaa hakitengenezi intaneti, kinaipokea tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, hata wenye ruta za bei mbaya Masaki waliduwaa. Kwa hiyo usianze na duka. Anza na nyumba yako: kinachofika hapo ni waya, ni faiba au ni mnara? Ukishajua, ndipo uende Kariakoo.

Halafu badilisha neno la siri siku ile ile! Mimi nilichelewa, vijana wa jirani wakamaliza bando langu kwa mpira wa Ulaya. Na radi zikianza, chomoa kila kitu.

Ile ya Marekani bado ipo, mama anaegeshea mlango. Kwa leo naishia hapa, tukutane wiki ijayo.