Baridi ya Shume
Julai iliyopita akina mama kumi wa kanisa tulikodi basi dogo kwenda Shume. Fundi alikagua breki kwanza, kwani kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona kali kupitia Soni hadi Lushoto. Tulifungasha mablanketi, masweta na chupa za chai.

Usiku tulilala garini, baridi ikatuingia mifupani. Mwenzetu akaingiza jiko la mkaa na kufunga vioo. Tulilitoa upesi, ingawa alinung'unika. Mkaa uwakao, hata bila moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Tukasali, tukabanana. Asubuhi sote kumi tuliamka, ukungu ukiinuka msituni. Mama mpenzi, jiko libaki nje.