Kifaa Ambacho Fundi Hakuweza Kukitengeneza

Ukisimama katika uwanja wa shule yetu hapa Kitale asubuhi isiyo na mawingu, utauona Mlima Elgon umejilaza upande wa magharibi kama ng'ombe anayecheua. Hauna ncha kali kama Mlima Kenya, ndiyo sababu wengi wetu huudharau. Mimi nami niliudharau, hadi Agosti ile nilipokuwa Kidato cha Pili, klabu ya wanyamapori ilipofunga safari ya kwenda Koitobos, kilele chenye urefu wa mita 4,222.

Tulipitia Endebess tukaingia kwa lango la Chorlim. Tulilala mbugani usiku mmoja, na alfajiri gari likatupandisha hadi barabara ilipoishia. Vifaa vyetu vilikuwa kichekesho! Mimi nilivaa raba za michezo ambazo soli zake zilikuwa zimelika zikawa laini kama paji la uso wa mtoto. Glavu zangu zilikuwa soksi. Koti la mvua lilikuwa kipande cha ile nailoni tunayoanikia mahindi nyumbani, nilichokitoboa tundu la kichwa. Rafiki yangu, ambaye nitamwita Sahibu kwa sababu ameniomba nisimtaje, alivaa gambuti ambazo babake huvaa akikamua ng'ombe.

Mvua ilianza kabla hatujatembea saa moja. Nyasi zililala, njia ikawa mlenda mtupu. Nilianguka mara nne, nikaacha kuhesabu. Tulipoifikia mimea ile mirefu ya lobelia, iliyosimama kwenye ukungu kama watu wanaongoja matatu, Sahibu alinivuta shati.

"Kichwa kinapasuka, bwana," akaninong'oneza. "Lakini usimwambie mtu. Mama aliuza kuku wawili ili nije huku."

Nikaapa sitasema. Mwalimu alisimama akauliza, "Nani anaumwa na kichwa? Aseme mapema." Kimya. Akauliza tena mbele kidogo. Kimya. Mara ya tatu alinitazama mimi hasa, maana nilikuwa nimembebea Sahibu mkoba. Nikasema sote tuko sawa.

Basi haikupita nusu saa, Sahibu akaanza kuyumba kama mlevi wa busaa. Alitapika. Midomo ikageuka rangi. Askari wa mbuga aliyetuongoza alimwangalia mara moja tu, akasema, "Huyu ashuke sasa hivi." Mimi na yule askari tulimshika huku na huku tukamteremsha, Mwalimu akifuata nyuma. Wenzetu waliendelea na mwalimu mwingine na wakafika. Kufika chini karibu na gari, Sahibu alifumbua macho akaulizia chapati zake! Hapo ndipo Mwalimu aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ulijua?"

Nilijibu, "La, Mwalimu."

Katika somo la jiografia nimekuja kuelewa kwamba kule juu mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 60 ya ule wa Mombasa. Mtu akipandishwa haraka kwa gari, mwili haupati muda wa kuzoea. Dawa ya kwanza ni kushuka. Lakini usiku ule nilijiambia kwamba shida ilikuwa vifaa. Laiti tungekuwa na viatu vya maana!

Likizo ya Desemba nilikwenda Bungoma kwa mjomba wangu, fundi wa viatu sokoni. Nilimsimulia habari za wale Waitaliano watatu, wafungwa wa vita kule Nanyuki, waliotoroka kambini mwaka wa 1943 ili waupande Mlima Kenya tu. Njumu za kukanyagia barafu walizitengeneza kwa vyuma vya gari bovu. Kamba walizipata kwa mkonge wa vitanda vyao. Wawili walifika Point Lenana wakasimamisha bendera, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Mjomba alicheka hadi nyundo ikamtoka mkononi. "Watoroke jela, halafu warudi jela?" Lakini alishika kisu.

Tulikata akala za tairi, pana kuliko za kawaida, za kuvaliwa juu ya raba, tukazifunga mikanda ya mpira na kupigilia bolti kumi kila moja. Tukaenda kuzijaribu kwenye vilima vya Sang'alo. Penye matope, aisee, niling'ang'ania kama kupe! Nilipokanyaga jiwe tupu, bolti zililia krrr, nikateleza kwa makalio hadi alipokuwa Mjomba. Alama ninayo mpaka leo. Tulikubaliana kwamba zinafaa kwenda shambani.

Jioni hiyo hiyo tulimpeleka nyanya kliniki kwa ajili ya kifua chake. Muuguzi alimbana kidole kwa kidude kidogo kama kibanio cha nguo, nambari zikawaka: 96. Nikauliza ni nini. Akasema kinapima oksijeni iliyomo katika damu. Moyo wangu uliruka. Kumbe kifaa nilichokuwa nikikitamani kipo! Njiani nikamwambia Mjomba kwamba tungekuwa nacho mlimani, Sahibu asingeweza kuficha.

"Angekataa kutoa kidole," Mjomba akasema. "Si ulisema alikuwa amevaa soksi mikononi? Na nani alikuwa amembebea mkoba?"

Sikujibu. Tulitembea hadi nyumbani bila neno, nyanya akikohoa katikati yetu.

Klabu inapanga kwenda tena. Sahibu amejiandikisha, nami nimejiandikisha. Tumeomba gari lituache chini zaidi, tupande kwa siku mbili badala ya moja. Viatu bado sina, ila mjomba ameahidi kunishonea soli mpya zenye meno. Sahibu ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja, kwamba niseme gambuti za babake hazikuwa na kosa lolote. Nimesema.

Makala haya lazima yasomwe na mlezi wa Chama cha Kiswahili kabla hayajapigwa chapa, na mlezi wetu ndiye yule yule aliyenitazama pale kwenye lobelia. Mwalimu, nilijua.