Laki Sita na Nusu

Mwaka 2018 nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari Mwenge, Dar es Salaam: kutoa kopi, kuchapa barua za watu, kupiga picha za pasipoti. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kubana. Lakini kulikuwa na hamu iliyonikaa moyoni tangu shule ya msingi, enzi za kulipa shilingi mia kwenye kibanda cha gemu ili nishike padi dakika chache. Nilitaka mashine yangu, nicheze bila mtu kusimama nyuma yangu akidai zamu. Nilichofanikiwa kukusanya ni laki sita na nusu, skrini ikiwa humohumo.

Niliowaeleza walitikisa vichwa. Walikuwa wanapiga hesabu ya vitu vipya: madabodi, prosesa, ram, diski, kasha, pawa saplai. Kwa hesabu hiyo fedha yangu ingekwisha kabla sijafika kwenye kadi ya michoro, na kadi ya michoro ndiyo gemu lenyewe. Njia ya asiye nacho ilikuwa kuanzia kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika. Makampuni ya Ulaya hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka kadhaa, za zamani zinapakiwa kwenye makontena, na sehemu yake inaishia Kariakoo. Wakati ule kila duka nililoingia lilikuwa na Dell OptiPlex 790, toleo la 2011, ndani yake prosesa ya Intel Core i5-2400 yenye koa nne na kasi ya gigahezi 3.1. Ilikuwa na umri wa miaka saba, ndiyo, lakini maisha yake yote ilikuwa imefungua barua pepe na majedwali ya hesabu. Nguvu yake ilikuwa bado imelala.

Kilichonisumbua ni umbo. Wateja wengi walipenda yale makasha madogo yanayolala chini ya skrini, kwa hiyo wafanyabiashara walileta hayo. Kasha dogo halipokei kadi ya michoro ya kimo cha kawaida, linataka ile fupi, ambayo kuipata ni kazi na bei yake iko juu. Nilihitaji lile refu linalosimama. Nilizunguka Kariakoo mpaka wauza kompyuta wakaanza kunijua kwa sura, na nilipolipata lilikuwa chini ya rundo, vumbi tupu, kwa shilingi 230,000 pamoja na diski ya GB 500 na ram ya GB 4.

Fundi aliyenifungulia lile kasha alikuwa mtu mzima, meza yake ipo kwenye korido ya jengo, miwani imefungwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza nataka kuweka kadi gani. Nikamtajia jina la kadi kubwa niliyoiona kwenye video.

"Dogo, soma kwanza stika ya pawa saplai," akasema. "Hiyo ndiyo inayopanga, siyo wewe."

Stika ilisema wati 265. Akanichorea hesabu nyuma ya risiti. Prosesa ile imepimwa kwa wati 95. Madabodi, diski na feni navyo vinataka chao. Sloti ndefu ambayo kadi ya michoro huchomekwa inaweza kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo hudai waya wake wa pini sita au nane kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai ile haikuwa na waya huo kabisa. Kwa hiyo swali halikuwa tena kadi gani ni nzuri. Swali lilikuwa ni kadi gani nzuri kuliko zote inayoishi ndani ya wati 75.

Bado ninaithamini risiti ile kuliko mafunzo mengi niliyolipia baadaye. Mwenye fedha nyingi anaweza kununua pawa saplai kubwa na asiwaze tena. Mimi ilinibidi nijue kila wati inakwenda wapi, na kujua huko kulinipa furaha sawa na kucheza.

Jibu la mwaka ule lilikuwa GeForce GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016 kwa dola 139, ikiwa na kumbukumbu ya GB 4. Nayo ilihitaji uangalifu, kwa kuwa watengenezaji wengine waliiongezea kasi na kuiwekea tundu la waya wa pini sita. Nilitaka ile isiyo na tundu. Mjomba wangu alikuwa akienda Dubai kuchukua bidhaa, nikamwomba aniangalizie Bur Dubai. Akarudi na bei iliyonikata maini.

Sababu ilikuwa mbali kabisa na gemu. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wananunua kadi za michoro kwa makasha ili zichimbe Ethereum usiku na mchana, na sarafu hiyo ilikuwa imepita dola 1,300 mwezi Januari. Hata kadi ndogo kama hii, kwa sababu ya zile GB 4, iliingia kwenye mkumbo. Nikalazimika kusubiri, huku kasha langu likikaa chini ya kitanda bila kadi. Sijawahi kufuatilia bei ya kitu nisichokimiliki kama nilivyofuatilia Ethereum mwaka ule. Kufikia Septemba ilikuwa imeporomoka chini ya dola 300, wachimbaji wakapunguza kununua, na mjomba akaniletea kadi kwa shilingi 320,000.

Skrini nayo ilikuwa na mtego wake. Madukani kulijaa skrini za bei rahisi zenye tundu la VGA peke yake, na kadi za kizazi kile zilikuwa zimeachana na VGA. Hata tundu la DVI la kadi hizo halitoi mawimbi ya zamani, hivyo kiunganishi cha bei ya chini cha kugeuza DVI kuwa VGA hakisaidii. Nilichagua Dell ya inchi 19, ya mraba, yenye DVI yake, kwa shilingi 60,000. Watu waliicheka kwa umbo, lakini ilikuwa na nukta 1280 kwa 1024, kama milioni 1.3, wakati skrini pana za kisasa zina zaidi ya milioni mbili. Kadi yangu ilikuwa na nukta chache za kuchora kila sekunde, ikapata nafasi ya kupumua.

Kwa shilingi 35,000 nyingine nilinunua ram ya pili ya GB 4. Fundi alisisitiza ziwe mbili zinazolingana, kila moja kwenye sloti yake sahihi, ili prosesa isome zote kwa pamoja. Akapuliza vumbi kwa bloa, akafuta ile dawa iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Kadi akaniachia niichomeke mwenyewe.

Leseni ya gemu la GTA V nilipewa zawadi na binamu yangu aliyeko Muscat, siku za punguzo. Kupakua zaidi ya GB 60 kwa bando la simu hakukuwezekana, lakini programu ya Steam inaruhusu kunakili folda ya gemu kutoka kompyuta ya mwingine, yenyewe ikakagua mafaili tu. Rafiki yangu akaja na diski ya nje. Usiku ule tuliendesha gari kutoka milimani hadi baharini, fremu zikicheza karibu na 60 kwa sekunde, na mdogo wangu wa kike akaniuliza kwa nini maji yanang'aa vile. Nikamweleza kuhusu kadi, kuhusu wati 75, na akasikiliza mpaka mwisho.

Mwaka 2021 uhaba wa chipu na uchimbaji vilipandisha tena bei za kadi duniani. Niliiuza 1050 Ti kwa fedha iliyokaribia ile niliyoinunulia, nikaongezea akiba nikaanza kuunga kompyuta nyingine. OptiPlex nikaiwekea SSD nikampa mdogo wangu, ambaye kwa sasa anachorea ramani za nyumba juu yake.