Pikipiki Iliyolala Tororo na Safari ya Busia

Mtu akiukaribia mji wa Tororo, kitu cha kwanza kumlaki ni mwamba wake mkubwa, uliosimama peke yake kama mlinzi wa zamu. Hapo pana kiwanda cha saruji, pana reli, na malori yanayoelekea mipaka miwili: Malaba upande wa mashariki, na Busia upande wa kusini. Ni nchi ya mvua na radi. Imeandikwa katika vitabu vya kumbukumbu kwamba baina ya 1967 na 1976 ngurumo zilisikika mjini hapa kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Mvua hiyo ni neema kwa mihogo na mahindi, lakini kwa chuma kilichoachwa bila kutumiwa ni adui asiyelala.

Wenyeji wa mpakani wanajua vyema thamani ya chombo cha magurudumu mawili. Ni Busia, katika miaka ya 1960 na 1970, ambako vijana wa baiskeli walianza kuwavusha wasafiri na mizigo yao katika masafa yaliyotenganisha vituo vya Uganda na Kenya. Waliwaita wateja kwa kutamka "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Jina hilo likaenea Afrika Mashariki nzima, kisha likazihamia pikipiki. Serikali ya Uganda ilipozikataza boda boda kubeba abiria Machi 2020 kwa ajili ya korona, hadi ruhusa iliporudi mwishoni mwa Julai, familia nyingi zilitambua ni sahani ngapi za chakula zilizotegemea injini moja ndogo.

Pikipiki ninayotaka kuisimulia haikulazwa na maradhi, bali na uhamisho. Kaka yangu, askari polisi, alihamishiwa Karamoja, akaiacha chini ya upenu wa nyumba mjini Tororo. Miaka miwili ikapita. Mkewe, aliyekwisha kujifunza kuendesha na kupata leseni, alitaka kuchuuza dagaa kutoka soko la Busia ili karo ya watoto isingojee mshahara mmoja. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akaizunguka, akataja bei isiyofikia hata karo ya muhula. "Hii imekufa, mama," alisema. Shemeji hakumjibu, alimtuma mtoto akamwite fundi.

Fundi alipofika aliwakuta vijana wawili wakijitayarisha kuisukuma mteremkoni ili iwake kwa nguvu. Akawazuia. Alieleza kwamba injini iliyokaa muda mrefu huwa kavu ndani, na kutu huweza kushika ukuta wa silinda. Ukiilazimisha kuzunguka ghafla, ringi za pistoni hukwaruza, na ugonjwa mdogo hugeuka kilema.

Akafungua plagi, akadondosha oili kidogo katika tundu lake, akaiacha hivyo hadi asubuhi. Siku ya pili alipiga kiki polepole, plagi ikiwa nje, mpaka akaridhika kwamba pistoni inapanda na kushuka bila kukwama. Ndipo akalishusha tangi. Petroli iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai na harufu ya rangi ya mlango, na chini yake palikuwa na maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hutuama. Akatia kokoto safi na petroli kidogo, akalitikisa mpaka magamba ya kutu yakatoka, akalisuuza mara tatu.

Kabureta ndiyo iliyokuwa na kosa kubwa. Petroli iliyokaa humo ilikuwa imekauka na kuacha utando kama gundi, ukaziba vijitundu vyembamba vinavyopitisha mafuta. Fundi alivizibua kwa uzi mmoja mwembamba wa shaba na kwa pumzi ya pampu. Katika chujio la hewa alikuta kiota cha panya. Alibadili oili ya injini, akatia plagi mpya, akaulainisha mnyororo na waya ya klachi. Alipopiga kiki ya saba, pikipiki ikakohoa, ikatoa moshi mzito, kisha ikanguruma sawasawa. Watoto walishangilia, lakini fundi alikwisha kuizima. "Kuwaka si kazi," alisema. "Kazi ni kusimama." Akafungua breki zote mbili, akazisafisha, na tairi la nyuma lililopasuka ubavuni akalikataa kabisa.

Jumamosi tukashika njia ya Busia, shemeji akiendesha, mimi abiria wake, sote tumevaa kofia ngumu. Mwamba ulitusindikiza kwa nyuma kitambo, kisha ukazama katika ukungu. Busia ni mji mmoja wenye jina moja na shilingi mbili. Pikipiki tuliiacha upande wa Uganda, tukavuka kwa miguu na vitambulisho vyetu. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika upande anaouingia. Masafa yaliyozaa jina la boda boda sasa yamejaa malori. Tuliporudi, shemeji alinunua gunia lake la kwanza la dagaa, akalifunga nyuma ya kiti. Mimi nikarudi Tororo kwa teksi, kwa kuwa gunia lilikuwa na haki zaidi ya kiti kile.

Ndugu msomaji, ikiwa kazi inakupeleka mbali, jifunze kwa fundi huyu. Kabla ya kuondoka, jaza tangi ili unyevu usipate nafasi. Funga bomba la petroli, uiache injini iwake mpaka izimike yenyewe na kabureta ibaki tupu. Toa betri, uihifadhi pakavu. Isimamishe pikipiki kwa stendi ya kati, uifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si kwa nailoni. Tazama pia tarehe za bima na leseni, kwani karatasi nazo hulala zikafa. Zaidi ya yote, mwonyeshe mwenzio wa nyumbani kila kitu kilipo. Waliozoea uhamisho wanajua kwamba anayebaki ndiye atakayeihitaji kwanza.