Redio ya Mzee Haikuwa na Kosa

"Hii itaimba kwa gari?"

Ndilo swali pekee mzee aliloniuliza. Nikamjibu, "Itaimba, mzee, tena vizuri kuliko hizo nyingine."

Mwaka ulikuwa 2005. Mchana nilisomea ufundi wa mitambo, jioni nikisimama kaunta ya duka la muziki nje kidogo ya Boston. Mzee alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Nakuru aliyehamia Lowell, mji wa Massachusetts wenye Wakenya wengi. Siku alipogundua kwamba kijana wa kaunta ni wa Mombasa, aliacha kununua muziki kwingine kokote. Alipenda Jim Reeves na wenzake, nyimbo za gitaa na masikitiko, kama wazee wengi wa bara wa rika lake. (Zamani sikuelewa kwa nini mkulima wa Rongai amlilie mtu wa Texas. Nilipoanza kuota mvi nikaelewa.) Akifika hutumia nusu saa kunisikiliza nikimweleza albamu gani imetoka na nani kapiga gitaa. Aliniita "mtaalamu", na jina hilo lilinilevya.

Kitu chenyewe kiliitwa DualDisc. Ni kisahani kimoja chenye nyuso mbili, huku CD, huku DVD. Ukitaka kusikiliza unakiweka hivi; ukitaka kumtazama mwimbaji, au sauti zikuzunguke chumba kizima, unakigeuza. Kampuni kubwa za muziki zilikijaribu kwanza Boston na Seattle mwanzoni mwa 2004, kisha mwaka uliofuata kikaenea Marekani nzima. Watu walikuwa wamezoea kupakua nyimbo bila kulipa, na hiki kilitarajiwa kuwarudisha dukani. Kuna albamu ambazo mnunuzi hakupewa nafasi ya kuchagua: Devils & Dust ya Bruce Springsteen, iliyotoka Aprili 2005, huko Marekani ilikuja kwa DualDisc badala ya CD ya kawaida. Na kwa kuwa nyuso zote mbili husomwa, hapakuwa na mahali pa kuchapa picha. Maandishi yote yalijibana kwenye pete nyembamba kuzunguka tundu la katikati. Mzee alipokishika mara ya kwanza alikigeuzageuza, akacheka: "Hii ni santuri imerudi."

Sasa sikilizeni kosa langu lilipoanzia, maana halikuanzia kwa mzee. Asubuhi lile boksi la kwanza lilipofika, mimi ndiye niliyelipasua. Nyuma ya kila kasha, chini kabisa, palikuwa na onyo la herufi ndogo kama za karatasi ya dawa: kwamba uso wa sauti haufuati vipimo rasmi vya CD, na kwa hiyo si mashine zote zitakazoucheza. Nililisoma. Nikatafuta ile nembo ya CD tuliyoizoea, nisiione. Nikajua maana yake. Msimamizi wetu alipotuambia tuwaeleze wateja kwamba inacheza popote inapocheza CD, niliitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu. Lakini msimamizi hakuwepo siku ya mzee. Tulikuwa wawili tu, tena tukizungumza Kiswahili ambacho hakuna mwingine dukani aliyekijua. Ningeweza kumwambia, "Mzee, hii jaribu nyumbani kwanza, usiitie garini." Lakini mtaalamu huwa hasemi "jaribu". Akalipa, dola kadhaa zaidi ya CD ya kawaida, akaondoka akipiga mluzi.

Jumatatu alirudi, safari hii hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Wewe kijana, hii kitu yako imekataa kutoka."

Nilimfuata nje kwenye mvua. Redio ya gari lake ilikuwa ile ya mdomo mwembamba, unasukuma CD nayo inaivuta yenyewe. Nikakaa kiti cha dereva. Gari lilinuka chai ya tangawizi. Nikabonyeza kitufe cha kutolea. Mota ikanguruma, kisahani kikachungulia upana wa ukucha, kikasita, kikarudi ndani. Nikabonyeza tena. Kikachungulia, kikarudi. Nilikidaka kwa ncha za vidole mara ya tatu, kikaniponyoka na kuniachia mchirizi wa vumbi jeusi kwenye kidole gumba. Mzee alikuwa ameinama dirishani, maji yakimtiririka kutoka kwenye ukingo wa kofia, akiutazama mkono wangu kama mtu anavyomtazama daktari.

Hapo ndipo nilipofanya lile ninaloliungama. Kumwambia kitu kitaimba nikijua huenda kisiimbe lilikuwa kosa, ila wauzaji wengi wana la namna hiyo. La pili ni langu mwenyewe. Nilijifuta kidole, nikasema: "Mzee, hii redio yako imechakaa."

Hakubisha. Ndicho kinachonichoma hadi leo. Aliitazama redio yake kwa aibu, kana kwamba ni mtoto wake aliyeniharibia kitu, akasema gari lenyewe ni la zamani, hata yeye alikuwa akishuku. Akaniomba radhi. Mimi nikampa jina la fundi.

Fundi alibomoa nusu ya dashibodi kukitoa kile kisahani. Mzee, kwa kuwa mtaalamu wake alishasema redio imechakaa, akanunua mpya kabisa. Dola 170 pamoja na ufundi. Nazijua kwa sababu alinionyesha risiti, akitaka nimhakikishie kwamba hajapunjwa. Nikamhakikishia. Kisha akatoa mfukoni bahasha ya kaki, ndani mna kisahani chenyewe. "Chukua wewe," akasema, "labda kwako itaimba."

Nilikwenda nacho karakana ya chuo. Tulikuwa na venia, kile kipimio cha taya mbili, na sijui ni dhamiri iliyonisukuma au ni utundu tu. Nikabana CD ya kawaida: milimita 1.2. Nikabana zawadi ya mzee: milimita 1.5. Nikarudia mara tatu, nikitumaini nimekosea. Tofauti ni sehemu tatu za kumi za milimita, kidole hakiihisi, lakini mdomo wa redio uliotengenezwa kwa kudhani kwamba visahani vyote ni vya 1.2 unaihisi sana.

Na unene haukuwa tatizo pekee. Kanuni ya CD, ambayo Philips na Sony waliiweka mwaka 1980, inataka mwale wa leza upenye plastiki ya milimita 1.2 ndipo ukutane na vishimo vya muziki chini ya maandishi ya juu. Lenzi imechongwa kwa kina hicho. DVD yenyewe ni tabaka mbili za 0.6 zilizogandishwa. Ukitaka kubandika CD kamili mgongoni mwa tabaka moja ya DVD unapata 1.8, na kanuni hiyohiyo hairuhusu kisahani kizidi 1.5. Kwa hiyo waliitengeneza CD nyembamba, ya 0.9, ili jumla iwe 1.5 barabara. Unene ukapona, kina kikaharibika. Lenzi inatafuta vishimo mahali visipokuwepo, inaona ukungu. Mashine nyingine ziliweza kujirekebisha, nyingine zikarukaruka nyimbo, nyingine zikazungusha tu bila kutoa sauti. Mtu asiseme wahandisi wale walikuwa wajinga. Walikuwa na milimita moja na nusu na mambo mawili ya kuyaingiza humo, wakachagua. Wakaandika onyo. Nami ndiye niliyekuwa nimesimama kati ya onyo na mteja.

Baada ya hapo nilianza kusikia yale niliyokuwa nikiyapuuza. Mama mmoja alisema mashine yake inacheza picha lakini inakataa nyimbo. Tulikuwa tumembadilishia nakala tatu, zote za aina ileile. Kijana mmoja kompyuta yake ilikuwa imemeza kimoja, naye tulimwambia aione kampuni ya kompyuta. Hao niliwaambia ukweli, na msimamizi alinuna. Waliorudishiwa pesa hawakufika kumi. Nasema hili nisije nikaonekana shujaa, kwa sababu yule aliyekuwa akinidai nafsini mwangu sikumwambia kitu. Kila Jumamosi aliingia, nami kila Jumamosi nilikuwa na maneno tayari, na kila Jumamosi alianza yeye kusifia redio mpya: sauti inavyotoka safi, abiria wanavyouliza nani anaimba. Nikajiambia kumweleza sasa ni kumharibia furaha. Uongo wa tatu huo, na huo nilijiuzia mwenyewe.

Mwaka 2006 tulikutana harusini, ukumbi wa kanisa Lowell, pilau limeshaliwa. DualDisc zilikuwa zimeanza kupungua kwenye rafu zetu. Miaka michache baadaye hukuziona tena. Mzee alinishika mkono akanipitisha meza hadi meza kwa wazee wenzake.

"Mnamwona huyu? Huyu ni mtaalamu. Redio yangu ilikuwa inaniharibia CD, na mafundi wote hawakujua. Huyu alibonyeza mara tatu tu, akajua."

Mmoja wao alitaka kujua niliitambuaje. Wote wakanigeukia. Nikamtazama mzee, naye alikuwa akitabasamu, akingoja nimweleze mwenzake.

"Nilisikia mota," nikasema.

Kisahani chake bado ninacho, kimo katika bahasha ileile. Uso wa DVD unacheza bila tatizo lolote.